Namba za Avenyu Nzima kwa Jina Langu

Jumatatu, tarehe 8, mwezi wa sita

Nimeitwa kwa shefu wa avenyu asubuhi, vitumbua vikiwa bado motoni. Papa Assumani hajawahi kuniita ila akitaka vitumbua. Leo alikuwa amevaa koti. Nikajua iko shida.

Nje ya lango lake wamejaa wanawake wenye sufuria, ndoo na mabakuli. Wamekuja kupokea chumvi. Chumvi gani? Ile ambayo Papa Assumani ameahidi kwa sauti yake mwenyewe ndani ya simu za watu wote: kila nyumba ije ichukue chumvi ya bure. Nikasikilizishwa. Sauti yake kabisa, na kile kikohozi chake cha katikati. Yeye anaapa hakusema neno. Anasema siku hizi iko akili ya mashine, inaonja sauti ya mutu kidogo tu, halafu inatapika maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Nikamwambia nimezaa watoto wa namna hiyo.

Lakini namba iliyotuma sauti iko kwa jina langu. Safia, na picha yangu, na karte yangu ya kura. Nikasema namba yangu ni moja, naijua kama njia ya kwenda chooni. Akaitwa Chadrack, yule anayeuza puce chini ya mwavuli pale sokoni, vile vikadi vidogo vya ndani ya simu. Chadrack akafungua mashine yake. Akaiangalia, akaniangalia miye, akaanza kusukuma kidole. Akasukuma. Akasukuma tena. Avenyu karibu yote iko kwa jina langu.

Nilipofikiri sikushangaa sana. Miaka ile puce zilipoanza kudai karte, karte yangu ndiyo ilikuwa nzuri, picha haijafutika. Mutu akiwa na haja anasema, Koko, bibi yetu, niazime karte. Nampa, kama ninavyoazima kinu. Kinu kilizunguka hivyo hivyo kikarudi na ufa. Karte ilirudi nzima, sikuwa na neno.

Papa Assumani akaniambia nione haya. Akasema redio imetangaza: mwisho Jumapili jioni, karte moja isibebe zaidi ya namba tatu, zingine zote zinakatwa. Serikali inataka kila mutu ajibu kwa mdomo wake.

Niliona haya kutoka kwenye kiti chake mpaka kwenye lango. Baada ya lango niliona kitu kingine. Namba ni zangu. Wa kuchagua tatu ni miye. Miye ambaye shule sikuingia hata kuomba maji, ambaye herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu Ayoubu kwenye mifuko ya chumvi. Nimekuwa serikali.

Aliyetengeneza ile sauti ni Yassine wa nyumba ya pili, motari anayebeba watu kwa pikipiki. Nilimjua kwa sababu peke yake hakuja na sufuria. Nimemvuta sikio. Alicheka hata sikio likiwa mkononi mwangu.

Jumanne, tarehe 9

Wenye karte nzima wamekwenda kwa Chadrack kuhamisha namba zao. Sikuwazuia, ila niliwaangalia. Waliobaki ni wale ambao karte zao zimeliwa na panya, maji, watoto au mashimo ya dhahabu. Hao ndio wananchi wangu.

Tangu alfajiri wanakuja. Olga ameleta mkungu wa ndizi. Mama Aimée chupa ya mawese. Grâce, ambaye mwaka mzima ananipita bila salamu, leo amepiga goti mpaka vumbi likamfika kiunoni. Wote sauti moja: Koko wetu, Koko muzuri, nafasi bado iko? Wote nimewajibu iko. Mutu amebeba mkungu wa ndizi kutoka mwisho wa avenyu, utamwambiaje haiko?

Ukweli ni kwamba nafasi zilikwisha kabla ya chai. Ya kwanza nimempa Yassine. Karte yake ilianguka Lualaba akivuka kwa mtumbwi kule Nyangwe, na wagonjwa wa avenyu wanamwita kwa ile namba. Miye mwenyewe, siku ya malaria, alinipeleka hospitali polepole, kila shimo analiomba ruhusa kwanza. Ile ya chumvi nimemsamehe. Sikio nimeshavuta.

Ya pili amechukua Papa Assumani. Ndiyo, huyo huyo. Amepitia mlango wa nyuma, koti lile lile, chini ya koti kuku. Karte yake imeshabeba namba tatu, ya nne aliificha kwangu zamani. Nikauliza ni ya nini. Akasema ya mambo ya kazi. Hapo hapo simu ikalia mfukoni, sauti ya mwanamke ikamtangazia kwamba mechi yake imepotea. Anabeti mpira, na mkewe hajui. Nikapokea kuku.

Ya tatu ni yangu. Binti yangu Sifa ananipigia kutoka Kindu kila Ijumaa, nasikia wajukuu wanavyogombania simu. Hiyo haiguswi.

Asiyekuja ni mmoja, Mama Ernestine wa ng'ambo ya ua wangu. Tangu arusi ya Olga hatusemeshani. Alinipiga picha mdomo umejaa wali, shavu moja huku, moja kule, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la avenyu. Watu wamecheka mpaka Kabambare. Hakuomba ruhusa, hakuomba msamaha. Kwa hiyo sasa tunasemeshana kupitia kuku. Yeye anawaambia wake, miye nawaambia wangu, kila mmoja kwa sauti ya kutosha.

Leo jioni amewamwagia mahindi akasema, kuleni, wanangu, kuleni haraka, iko mutu hapa amekuwa serikali, kesho atawadai kodi.

Nikawauliza wangu, na namba ya huyo anayesema, iko kwa jina la nani?

Kuku wake walinyamaza.

Namngoja aje kwa magoti. Afute picha. Aombe msamaha mbele ya watu, kwa ile sauti anayoimbia kwaya. Akimaliza, nitafikiri.

Jumatano, tarehe 10

Serikali isiyo na sheria ni mzee mwenye kelele tu. Nimeamua kuweka sheria. Nimemwita Yassine aje na ile akili iliyo ndani ya simu yake. Wewe unasema, yenyewe inaandika.

Nimeichunguza kwanza. Ina adabu. Ukiitukana inasema samahani, ukiisifu inasema asante. Nikaiuliza makusudi namna ya kupika vitumbua. Ikataja hamira, ikataja iliki, ikataja mpaka moto wa wastani. Haikutaja kwamba unapika na jirani anakuchungulia ajue umetia nini, na wewe unatia kingine kwanza ili umpoteze. Inajua vitumbua, haijui mji wetu wa Kasongo.

Nikaisemea sheria zangu. Mwanamke mzima asipigwe picha akiwa anakula. Simu isiwekwe sauti kubwa kwenye matanga. Mutu asiiulize mashine jambo ambalo mzee wa kulijibu amekaa hapo hapo. Na mwenye namba, yaani miye, ana haki ya kusikiliza yote yanayosemwa ndani ya mali yake.

Hii ya mwisho ilimfanya Yassine akohoe. Nikamwambia kama hana la kuficha, anakohoa nini. Akasema Koko, hata asiye na dhambi anafunga mlango akioga. Nikamwuliza ni wasichana wangapi. Akarudi kwenye kukohoa.

Mashine ikauliza kama ipange maneno yangu vizuri, kwa Kifaransa cha biro, cha watu wa ofisi. Nikasema panga. Ikapanga mpaka ukurasa wa pili. Sikuelewa hata mstari mmoja, ndipo nikajua ni sheria kweli. Chadrack akaitoa kwenye karatasi. Nikatia S yangu kubwa chini. Papa Assumani akagonga muhuri wa avenyu bila kusoma, kwa kuwa kuku wake alikuwa tayari kwenye sufuria yangu. Nimeibandika ukutani, juu ya meza ya vitumbua, watu wanunue wakiogopa.

Siku nzuri. Marehemu Ayoubu angeniona.

Alhamisi, tarehe 11

Mwalimu Aristote anakula vitumbua vyangu kila asubuhi akisoma chochote kilicho mbele yake, hata mfuko wa sabuni. Leo amesoma ukuta. Watu kwenye foleni wakamwambia awatafsirie. Miye nikajinyoosha.

Mwanzo ulikuwa muzuri sana. Picha, matanga, wazee, yote yalikuwepo, watu wakaitikia. Halafu mwalimu akaanza kusoma mambo ambayo sikuyasema. Mashine imeongeza. Imeandika kwamba hakuna wa kusikiliza maneno ya mwenzake bila ruhusa, hata kama namba ni yake. Imeandika kwamba siri ya mutu ni ya mutu. Imeandika kwamba nafasi ikishaahidiwa kwa mutu wa kwanza hairudi nyuma. Na mwisho kabisa, kwamba mwenye madaraka asipokee zawadi, na kama amepokea, arudishe.

Watu waliacha kutafuna. Grâce akamwomba mwalimu arudie hiyo ya mwisho. Mwalimu akarudia. Polepole, kama imla.

Olga amechukua ndizi zake, zile ambazo hazijaiva. Mama Aimée amechukua mawese, nusu, iliyobaki imo ndani ya vitumbua alivyokuwa anakula. Papa Assumani alikuja mwenyewe kuchungulia sufuria, akaona mfupa. Muhuri ni wake, hakuweza kusema sheria ni ya uongo. Tukapatana abaki na nafasi yake na miye nibaki na mfupa. Wengine, walipojua nafasi ziliisha zamani, wakaondoka kutafuta mashemeji na binamu wa kuwaazima karte. Jioni wote walikuwa wamepata. Avenyu yetu ina watu wazuri.

Nimeiuliza mashine kwa nini imeongeza. Imesema samahani, ilifikiri nitafurahi sheria zikiwa za haki. Nikamwambia Yassine hii kitu haikulelewa. Serikali iweke mkono kwenye hizi mashine haraka. Si serikali yangu. Ile nyingine.

Jioni Mama Ernestine aliwahesabu kuku wake kwa sauti. Akawauliza, nani kati yenu amepotea? Nasikia iko mmoja yuko tumboni mwa serikali, na sheria inamtaka arudi nyumbani kwao.

Nilikimbilia ndani nikajiziba mdomo na kitenge. Asije akasikia ninavyocheka.

Ijumaa, tarehe 12

Baada ya sala niliutandaza mchele kwenye mkeka karibu na ua. Si kwa kusikiliza. Jua liko upande huo.

Chadrack alikuja kwa Mama Ernestine na mashine yake. Huyu mama karte yake aliifua. Aliisahau kwenye fundo la kitenge, akaifua kwa sabuni, akaipiga na kwenye jiwe. Nilicheka majira mazima ya mvua. Leo Chadrack akaiweka mbele ya mashine, haikuona kitu. Akampiga picha usoni, mashine ikasema huyu mutu haiko. Mama Ernestine amesimama pale, anatoka jasho, nusu ya kwaya inamtegemea yeye, na mashine inasema haiko. Nilitaka kupita kwenye ua niipige kofi. Nikakumbuka hatusemeshani.

Karte mpya inatolewa Kindu, na si mwezi huu. Wa kwaya karte zao zimejaa. Chadrack akamwambia, Mama, nenda tu kwa Koko Safia, nafasi ni zake. Akajibu afadhali namba ife.

Chadrack alipoondoka, akabaki na kuku. Hakutumia ile sauti ya kunisemea miye. Aliwaambia chini chini, Octave hajui namba nyingine.

Octave ni mtoto wake. Alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu kabla mpunga haujapandwa. Simu yake imekufa zamani. Aliyemwona mwisho alisema anaelekea Lusangi, basi. Namba moja tu ameishika kichwani, ya mama yake, kwa sababu mama alimfanya aiimbe tangu mdogo. Aliiimbia hapa, kwenye kiwanja changu, akiwa na kitumbua kila mkono. Na huyo Octave alitokea mikononi mwangu, mvua inanyesha, mkunga hajafika. Kabla hajalia alinikojolea.

Kuku wake hawakumjibu. Wangu pia. Nilikaa pale nikifikiri mpaka mbuzi akala mchele upande mzima wa mkeka.

Sifa alipiga saa yake. Wajukuu waligombana vizuri. Nikasikia nusu tu.

Hainihusu. Aje aombe.

Jumamosi, tarehe 13

Hakuja.

Basi nimetengeneza mpango wa kumwokoa bila yeye kujua, ili asije akajivuna. Nafasi itoke kwa Papa Assumani. Nimemfuata nikamwambia kuna mpira, na kuna mama anayengoja mtoto, achague. Aliguswa sana. Aliweka mkono kifuani. Halafu akanishika mkono mpaka ukutani kwangu, akanionyesha kidole: nafasi ikishaahidiwa hairudi nyuma. Nikamtishia kwamba nitamwambia mkewe. Akashusha kidole mstari mmoja: siri ya mutu ni ya mutu. Nikamwambia nilimpa nafasi kwa kuku tu. Akashusha kidole tena, akaniuliza kuku yuko wapi.

Sheria yangu imenifunga kila upande. Sheria nzuri sana, lazima niseme. Nilijua nina kipaji.

Nikajaribu kwa Yassine. Yeye alikuwa tayari. Alisema Koko, toa yangu. Lakini wakati anasema simu ikalia, mke wa fundi cherehani ameshikwa na uchungu, akaruka kwenye pikipiki hata viatu hakuvaa. Nikaona hiyo pia haiguswi.

Alirudi mchana na wazo. Anayo sauti ya Octave, akiimba kwenye arusi ya Olga. Mashine inaweza kujifunza sauti hiyo kama ilivyojifunza ya Papa Assumani. Itume ujumbe kwa Mama Ernestine leo, kabla namba haijakatwa: Mama, miye niko muzuri, nitakuja. Atulie, alale.

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Ulimpata begani. Nikamwambia chumvi unaweza kudanganya, watu watarudi na sufuria zao tupu watacheka. Mutoto wa mutu, hapana. Mama amjibu nani? Amwulize kama amekula, mashine iseme ndiyo Mama nimekula, na mwenyewe amelala njaa porini? Akija kujua, sauti ya kweli ikipiga ataiamini vipi?

Yassine aliifuta ile sauti mbele ya macho yangu. Safari hii hakucheka. Nikampa kitumbua, nikampaka mafuta begani.

Jumapili, tarehe 14

Ushindi mkubwa. Nitaandika polepole nisiharibu.

Nimekwenda kwa Chadrack asubuhi, watu wa kanisa wakiwa kanisani, macho yawe machache. Nikampa karte yangu. Nikamtajia tatu. Yassine. Papa Assumani. Ya mama wa ng'ambo ya ua.

Chadrack akaniuliza, na yako, Koko?

Nikamwambia miye nina mdomo.

Akauliza mara ya pili, akaniambia hairudi hii. Nikamwambia afanye kazi yake, asijifanye mashine ya kuuliza watu kama wana hakika. Jioni simu yangu ikaniandikia kitu kirefu, halafu ikanyamaza. Nikaiweka kwenye debe la mchele. Angalau panya hawatanipigia.

Sasa sikiliza akili. Namba ya Mama Ernestine ni mali yangu, sheria ya nchi inasema hivyo. Mwenye mali lazima aikague mali yake. Na Sifa anahitaji mahali pa kunipigia. Kwa hiyo nimesimama kwenye ua nikawaambia kuku wangu, kwa sauti ya kufika kanisani, wamjulishe mutu fulani kwamba simu yake haitakatwa, na kwamba kuanzia kesho mwenye namba atakuja kukaa nayo kila jioni, na anakunywa chai ya sukari nyingi.

Mlango wa ua ukafunguka, ule uliofungwa tangu arusi. Mama Ernestine akaingia na kiti. Hakupiga goti. Alikaa. Akanionyesha ile picha kwenye simu, akaifuta, nikiona. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba Octave alinikojolea, ananidai kitambaa kipya. Akasema namna gani yeye anakudai, si wewe unamdai? Nikamwambia asinifundishe kudaiwa.

Magoti hakupiga, lakini kiti alikuja nacho mwenyewe. Nahesabu kama magoti.

Jumatano, tarehe 17

Natawala ng'ambo ya ua. Kiti kizuri ni changu. Chai ni nzuri, sukari anaibania. Nimeshasikia habari zote za kwaya, nani anaimba kwa pua, nani hajalipa kitambaa. Mama Ernestine akiongea na simu nainua mkono, namwambia aiweke sauti kubwa nami nisikie. Ananiambia sheria ya ukutani inakataza. Namwambia ukuta uko kwangu, hapa ni kwake.

Leo saa ya sombe alikuwa nje anatwanga majani ya muhogo. Simu ikalia mezani. Namba ngeni. Namba ni yangu kisheria, nikapokea.

Sauti ya kiume, ya mbali, imekauka. Ikasema, Mama?

Nikauliza nani.

Ikasema, Koko Safia? Nimekosea namba?

Nilimwambia hakukosea, mjinga we. Nikamwuliza alikuwa wapi, amekula nini, anajua mama yake anaongea na kuku? Akasema Lusangi, shimo lilimwangukia mguu, simu ilibaki chini, ametibiwa na watu wa huko, ndiyo sasa anatembea na fimbo, ameazima simu ya motari. Nikamwambia fimbo atapata nyingine kwangu. Nikamwambia alivyozaliwa. Nikamwambia ametunyima usingizi avenyu nzima, hata wasiomjua. Akaniambia, kwa upole sana, Koko, mayuniti yanaisha, Mama iko?

Nilikuwa nimesahau Mama.

Nilipiga kelele ambayo hata Papa Assumani aliisikia, akadhani nyumba inaungua. Mama Ernestine aliutupa mtwango, ukaangukia kuku, kuku yuko salama. Alishika simu kwa mikono miwili. Octave upande wa pili akaanza kuimba namba, vile vile alivyokuwa anaiimba mdogo, mpaka mwisho. Mama akaitikia tarakimu ya mwisho pamoja naye.

Nililia. Niandike hivyo hivyo, hakuna wa kusoma.

Simu ilipokatika Mama Ernestine aliniangalia, akanyanyua simu, akanipiga picha. Mdomo wazi, kamasi, kilemba upande mmoja. Kabla sijafuta uso ilikuwa imefika kwenye kundi la avenyu. Nikamkumbusha sheria. Akasema sheria inataja mwanamke akiwa anakula, haitaji akilia. Nikamwambia kesho naongeza. Tukacheka mpaka sombe ikaungua.

Jumamosi, tarehe 20

Octave yuko njiani, Yassine amemfuata kwa pikipiki.

Kabla hajaondoka kulikuwa na shida kidogo. Redio imetangaza jambo jipya: kila pikipiki iandikishwe kwa karte ya mwenyewe, isiyoandikishwa itashikwa barabarani. Yassine karte yake bado iko na samaki wa Lualaba. Alisimama mlangoni akikuna kichwa. Hakuomba. Miye ndiye niliyemwambia, mutoto, unangoja nini, chukua karte ya Koko.

Habari ikazunguka. Mchana walikuja motari wengine wa avenyu, wote watoto wazuri, wote karte zao zina matatizo. Mmoja ana kuku. Nimemwambia kuku abaki, ile sheria ya ukutani nimeshaibandua. Mama Ernestine alisema kupitia mlango wa ua, uso kwa uso, Safia, hukujifunza? Nikamwuliza kujifunza nini. Namba zilinipa chai na kiti. Pikipiki zitanipa nini zaidi?

Sasa nina pikipiki zaidi ya shefu wa avenyu, na kuendesha siwezi. Nimeiita ile mashine iniandikie sheria mpya. Nimeionya isiongeze kitu. Imesema samahani, haitaongeza.

Sheria ya kwanza imeshakaa: mwenye mali hakai nyuma ya motari.